Biashara ya boti ziwani: kodisha chombo, usiuze viti

Na Mwandishi Wetu, Kayanga

FEDHA ya kahawa ina tabia moja: huja kwa mkupuo, na ikikosa kazi huondoka kidogo kidogo bila mwenyewe kujua ilikokwenda. Mfanyabiashara wa Karagwe au Kyerwa aliyekwisha kulipwa msimu wake, akalipa ada za shule na kufuta madeni ya duka, hubaki na swali la kitega uchumi. Kwa miaka mingi majibu yamekuwa yale yale: gari la mizigo, nyumba ya kupangisha, duka la vifaa vya ujenzi Omurushaka, au shamba jingine la migomba.

Lipo jibu jingine ambalo linastahili kupimwa kwa kalamu na karatasi, nalo ni boti ya starehe katika Ziwa Victoria. Kwa mtazamaji wa ufukoni biashara hii ni nyepesi: chombo kimoja, injini moja, nahodha mmoja, na watu wa mjini waliochoka na vumbi ambao wako tayari kulipa ili wakazunguke majini saa moja. Ukurasa huu umeifanyia biashara hiyo hesabu, na hesabu inasema kwamba hatari yake kubwa haitoki kwenye mawimbi. Inatoka kwenye namna mwenye boti anavyopanga nauli.

Kwa nini si Burigi

Msomaji wa Kayanga anaweza kuuliza kwa nini fedha yake isafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Bukoba wakati wilaya zetu hazikosi maji. Ziwa Burigi limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Huko safari ya boti ni sehemu ya utalii wa hifadhi na iko chini ya TANAPA. Mtu binafsi hawezi kushusha chombo chake majini kama anavyofungua genge sokoni.

Ziwa Rwakajunju nalo limepangwa kuwa chanzo cha maji ya Kayanga na Omurushaka. Kupeleka injini za petroli na taka za sherehe mahali ambapo mji utachota maji ya kunywa ni kujitafutia ugomvi na majirani kabla ya faida. Kwa hiyo soko lililo wazi kwa mwekezaji mdogo ni Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo karibu nusu yake iko Tanzania, na ambalo ufuko wake una miji.

Mteja ni nani

Boti ya starehe haiishi kwa ukubwa wa ziwa. Huishi kwa wingi wa watu wanaolala karibu na ufuko na wenye fedha ya ziada Jumamosi mchana. Kwa kipimo hicho Mwanza inaongoza. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa huo na watu wapatao milioni 3.7, na vitongoji vya jiji kama Kirumba, Nyegezi na Luchelele vimepanuka kuufuata ufuko. Kagera ilikuwa na watu karibu milioni 3, lakini wengi wao wako vijijini, na Bukoba ni mji mdogo.

Kwamba mkazi wa mjini hulipa ili avuke maji kwa starehe si jambo la kubahatisha. Kisiwa cha Saanane kiko dakika chache kwa boti kutoka katikati ya Mwanza. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na eneo lake halifiki kilomita za mraba tatu. Familia, wanafunzi na wageni huvuka kwenda huko, hula, hupiga picha na kurudi jioni. Safari ni fupi, mahali pa kufikia panajulikana, na saa ya kurudi inajulikana.

Bukoba ina msimu wake. Desemba watoto wa Kagera walioko Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani, na mwenye gari la kukodi hapumziki. Katikati ya mwaka, mvua zinapopungua, ndipo fedha ya kahawa nayo inapoingia mikononi. Nje ya vipindi hivyo mteja ni wa Jumamosi na Jumapili tu, wa harusi, na wa safari za shule. Siku tano za wiki boti hulala, lakini mlinzi halali, na uchakavu haulali.

Mabadiliko ya usafiri hayaigusi sana biashara hii. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko kwa anayetoka Kagera kwenda Mwanza kwa njia ya Geita. Nayo MV Victoria ilirudi safari za Bukoba na Mwanza mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Abiria mwenye haraka ana barabara, na mwenye mizigo ana meli. Mteja wa boti ya starehe hatafuti kufika popote, bali anataka kukaa juu ya maji na kurudi alikotoka.

Hesabu ya boti ya watu 12

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za mfano tu na kila msomaji aweke za kwake, lakini umbo la hesabu halitabadilika sana.

Boti ina nafasi ya abiria 12. Nauli ni Sh. 10,000 kwa mtu kwa mzunguko wa saa moja. Jumamosi na Jumapili inafanya safari nne kila siku, jumla nane kwa wiki. Kila safari inachoma lita 12 za petroli, na tukikadiria lita kwa Sh. 3,000, safari moja ni Sh. 36,000 na safari nane ni Sh. 288,000. Nahodha na msaidizi wake wanalipwa Sh. 20,000 kila mmoja kwa siku, jumla Sh. 80,000. Mlinzi wa usiku saba analipwa Sh. 35,000. Matengenezo madogo ya injini tuyawekee Sh. 30,000. Gharama za wiki ni Sh. 433,000.

Sasa tazama mapato. Boti ikienda nusu, yaani watu sita kila safari, mapato ni Sh. 480,000. Baada ya gharama kinabaki Sh. 47,000 kwa wiki. Kwa wiki 40 zenye hali nzuri hiyo ni Sh. 1,880,000, kabla ya leseni, bima, na akiba ya kununua injini nyingine. Kama chombo na injini vimegharimu, tuseme, Sh. milioni 20, mtaji utahitaji zaidi ya miaka kumi kurudi. Injini haitangoja miaka kumi.

Boti ikijaa kihalali, watu 12 kila safari, mapato ni Sh. 960,000 na salio ni Sh. 527,000. Hapo biashara inapendeza.

Lakini mwangalie nahodha au mwenye boti akiongeza watu sita wengine, wawe 18 katika chombo cha watu 12. Mapato yanapanda hadi Sh. 1,440,000, gharama zinabaki karibu zile zile, na salio ni Sh. 1,007,000. Watu sita wa kubanana wameongeza salio karibu mara mbili.

Msomaji asome tena aya hiyo. Mahubiri dhidi ya tamaa hayatoshi hapa, kwa sababu kinachomsukuma mtu kujaza boti ni hesabu ya kawaida ya dukani. Katika nauli ya kichwa kimoja kimoja, abiria wa kwanza hulipa petroli na mishahara, na abiria wa mwisho ndiye faida. Mwenye boti iliyokwenda nusu Jumamosi huamka Jumapili akiwa na deni la petroli, na gati likiwa na watu 18 wanaotaka kupanda.

Bei ya makosa hayo

Kagera haihitaji kufundishwa bei ya chombo kilichojaa kupita kiasi. Mei 21, 1996, MV Bukoba, yenye uwezo wa abiria 430, ilizama ikiwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo, na watu zaidi ya 800 wakafa. Ni vigumu kupata ukoo mkoani humu ambao haukuzika au kukosa wa kumzika. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Ukara. Waliokufa walikuwa 228.

Vyombo hivyo vilikuwa vya usafiri wa lazima. Kwa mwekezaji wa starehe somo la karibu zaidi liko Uganda. Novemba 24, 2018, boti ya sherehe iitwayo MV Templar ilizama jioni karibu na ufuko wa wilaya ya Mukono, si mbali na Kampala. Ilikuwa Jumamosi, kuna muziki na vinywaji, na abiria ni watu wa mjini wenye kazi zao. Zaidi ya watu 30 walikufa. Polisi walieleza kwamba chombo kilibeba watu kupita uwezo wake, na mamlaka zilisema hakikuwa na leseni. Wengi hawakuwa wamevaa majaketi okozi. Mmiliki mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kwa lugha ya ukurasa huu, siku hiyo chombo chote, jina zuri la biashara na mwenye mali vilikwisha katika jioni moja. Hakuna faida ya abiria wa ziada inayoweza kuwekwa kwenye mizani pamoja na hasara hiyo.

Bei ya chombo kizima

Dawa iko kwenye bei. Mwenye boti aache kuuza viti na aanze kukodisha chombo kizima kwa saa. Tuchukue mfano ule ule na kupanga Sh. 90,000 kwa safari, wawe watu wanne au 12, mradi wasizidi 12. Kundi la watu sita litachanga Sh. 15,000 kila mmoja, na kundi la 12 litachanga Sh. 7,500. Safari nane ni Sh. 720,000, na baada ya gharama zile zile kinabaki Sh. 287,000 kwa wiki. Wiki mbaya ya safari tano ni Sh. 450,000. Gharama zinashuka hadi Sh. 325,000 kwa kuwa petroli imepungua, na kinabaki Sh. 125,000.

Salio hilo ni dogo kuliko la boti iliyojaa kila safari, lakini ni kubwa mara nyingi kuliko la boti inayokwenda nusu, na safari za nusu ndizo zitakazokuwa nyingi. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mtu wa 13 haleti hata senti moja. Nahodha hana sababu ya kumpakia, na mwenye boti aliyeko Kayanga hana sababu ya kufumba macho. Wateja wenyewe huanza kujipanga, kwa sababu wanakuja kama familia au kikundi kinachofahamiana.

Njia hii humfaa pia mwekezaji asiyekaa ufukoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuhesabu vichwa vya abiria ukiwa Kayanga haiwezekani, na kila kichwa ambacho hakikuandikwa ni fedha yako iliyokwenda njia nyingine. Kuhesabu safari kunawezekana: lita za petroli zilizonunuliwa, saa za kutoka na kurudi, na stakabadhi moja kwa kila kundi. Lita zisipolingana na safari, uliza.

Karatasi kabla ya injini

Chombo kidogo cha abiria kinasimamiwa na TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018 na kuchukua shughuli za majini zilizokuwa chini ya SUMATRA. Hukagua vyombo na kutoa cheti cha ubora na leseni. Mwenye mtaji mdogo asinunue boti iliyotumika kwa kuridhika na rangi mpya. Aende na mkaguzi au fundi aliyezoea mbao za ziwa, na aulize cheti kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Boti ya uvuvi iliyowekewa viti na turubai haiwi boti ya abiria kwa sababu hiyo tu. Uzito ukipanda juu, chombo hupoteza uthabiti wake.

Majaketi okozi yahesabiwe kama sehemu ya chombo, pamoja na ya watoto, na sharti liwe kwamba injini haiwashwi mpaka kila mtu amevaa. Jaketi lililofungwa kwenye kabati halimsaidii aliyeko majini. Bima ya abiria nayo iwekwe kwenye hesabu ya mwanzo, isisubiri mwaka wa pili, kwani mwaka wa kwanza ndio wenye nahodha mgeni na injini ngeni.

Kuhusu nahodha, usimchukue kijana kwa sababu ni shemeji. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba na kuua watu 19 kati ya 43 waliokuwamo, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wao ndio wanaolijua ziwa lile, na ukipata ajali ndio watakaokuja kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwenye boti mwenye busara huajiri kwao, hushirikiana na uongozi wa mwalo, na huacha namba za simu kwao.

Saa za kazi ziwe za mchana. Mvua za radi juu ya Ziwa Victoria hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapatikana bure kwenye redio na simu. Safari ya mwisho irudi kabla ya jua kuzama, hata kama mteja ameongeza fedha. Na anayetaka kuogelea aambiwe ukweli: ziwa lina kichocho, hasa penye maji yaliyotulia na majani.

Ufuko na mita 60

Wengine watasema basi tuache boti, tujenge baa na vibanda ufukoni. Wazo ni zuri, kwa sababu kwa kila familia inayopanda boti zipo nyingine zinazokaa mchangani na kula. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayeuziwa kiwanja "kinachogusa maji" ananunua kesi.

Ziwa lenyewe nalo limekwisha kutoa onyo. Mei 2020 maji yalipanda hadi kupita rekodi iliyowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena. Hoteli, nyumba na mialo katika nchi zote tatu zilifikwa na maji. Zege la ufukoni halihamishiki. Mabanda ya kuhamishika, viti, majiko na gati la kuelea huhamishika. Mwekezaji mdogo anunue vile ambavyo anaweza kuvipakia kwenye gari siku maji yanapomfuata.

Nafasi ya Kayanga

Hapo ndipo mfanyabiashara wa hapa anapokuwa na turufu ambayo mtu wa ufukoni hana. Ndizi, maharage, mbuzi na kahawa vinatoka kwake. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene imerahisisha kufika Bukoba siku hiyo hiyo. Anayeingia ubia na mwenye boti aliyeko Bukoba, yeye akaleta chakula na mwenzake akaleta chombo, anakuwa na mapato hata wiki ambayo ziwa limechafuka na boti haitoki. Jumamosi ya upepo watu bado hula.

Ubia huo uandikwe. Uonyeshe nani amiliki injini, nani alipe bima, na chombo kikilala miezi miwili nani amlipe mlinzi. Undugu ni jambo jema, lakini injini ikifa ndugu hukumbuka maneno tofauti.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa msomaji ambaye bado anaitaka biashara hii, na wapo wanaoiweza, ukurasa huu unashauri hivi. Kwanza, fanya hesabu kwa boti iliyojaa nusu; ikikataa, usinunue. Pili, kodisha chombo kizima kwa bei moja, na idadi ya mwisho ya abiria iandikwe ubavuni kwa herufi ambazo mtu wa gatini atazisoma. Tatu, leseni, bima na majaketi viwe ndani ya mtaji wa kuanzia. Nne, tenga fedha ya injini ya pili tangu wiki ya kwanza. Tano, jikoni ufukoni kuwe na mkono wako, hata kama ni kwa ubia.

Asiyeweza kutimiza hayo matano bado ana vitega uchumi vingine. Bei ya nyumba ya kupangisha hupanda polepole, lakini nyumba haizami na watu wa wenzako ndani yake.